Imani Hupimwa Kizuizini

Alfajiri moja tulisimama kando ya njia iendayo Petite Barrière, mjini Gisenyi, tukawatazama watu wakivuka mpaka. Walitangulia akina mama waliobeba vichwani beseni za nyanya, vitunguu na kabichi. Wakafuata vijana wenye magunia mabegani. Kisha wakaja walemavu wakiendesha kwa mikono baiskeli zao za magurudumu matatu, zimesheheni mizigo hadi zikalia kwa uzito. Lugha tulizozisikia ni Kinyarwanda na Kiswahili, zikipokezana kinywani mwa mtu mmoja kama ndugu wawili wanaopokezana mzigo. Hatua chache mbele yetu ilikuwa Goma, na nyuma ya Goma ulisimama mlima Nyiragongo, ule utemao moto.

Jina la mahali hapo ni la Kifaransa, na maana yake ni kizuizi kidogo. Kipo kikubwa pia, Grande Barrière, kilichoko karibu na ufuko wa ziwa Kivu. Lakini hiki kidogo ndicho chenye watu. Kwa miaka mingi makumi ya maelfu wamekuwa wakikivuka kwa miguu kwa siku moja, kwenda kutafuta riziki na kurudi.

Ndugu msomaji uliyevaa sare, kazi ya kizuizini unaijua. Mtu huja na karatasi yake na mzigo wake. Askari humtazama uso, hutazama karatasi, hutazama mzigo, kisha husema neno moja: pita, au simama. Katika neno hilo moja mna riziki ya mtu, na pengine mna uhai wake. Raia mmoja mmoja hapewi mamlaka ya namna hii, bali sisi tumepewa, na tumepewa pamoja na bunduki. Ndiyo maana tumechagua kusimama hapa ili tuzungumze juu ya jambo ambalo kwa kawaida huachiwa mashehe na mapadre: mwenye dini na aishike vipi dini yake siku ya hatari?

Siku Neno Lilipogeuka

Katika nchi ya Rwanda neno kizuizi lina kumbukumbu chungu. Usiku wa tarehe 6 Aprili, 1994, ndege iliyomchukua Rais Juvénal Habyarimana ilitunguliwa mjini Kigali. Kuanzia siku ya pili yake vizuizi viliwekwa barabarani karibu kila mahali. Waliovisimamia walikuwa wanajeshi, askari polisi na wanamgambo wa Interahamwe, na swali lao lilikuwa moja: lete kitambulisho. Kitambulisho cha siku hizo kilitaja kabila la mtu, desturi iliyoanzishwa na watawala wa Kibelgiji katika miaka ya 1930. Aliyeandikwa kuwa Mtutsi hakuvuka. Katika muda wa siku mia moja waliuawa watu zaidi ya laki nane, na hesabu ya serikali ya Rwanda inapita milioni moja.

Gisenyi haikusalimika. Mauaji yalianza mjini tarehe 7 Aprili. Waliokimbilia Nyundo, kwenye makao ya askofu, wakidhani kwamba hakuna atakayethubutu kumwaga damu mbele ya altare, walifuatwa huko huko. Na kwa kuwa Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, ilikuwa hatua chache tu, kila aliyewindwa aliyatupa macho yake upande huu tuliosimama sisi. Wokovu ulikuwa ukionekana kwa macho. Kilichosimama katikati kilikuwa kizuizi.

Hapo ndipo alipotokea mama mmoja ambaye habari zake kila askari anapaswa kuzijua.

Ujumbe wa Kanali

Jina lake Félicité Niyitegeka. Alikuwa mtu mzima wa umri wa miaka kama sitini, Mhutu kwa kabila, Mkatoliki kwa dini. Alikuwa mmoja wa wanawake walioyaweka maisha yao wakfu kwa kazi za utume, na alikisimamia kituo cha Saint Pierre hapo Gisenyi. Hatari ilipozuka, waliowindwa walianza kubisha mlangoni pake. Aliwafungulia. Wengine aliwasaidia kuuvuka mpaka, wakaingia Goma wakiwa hai. Waliobaki aliwaficha, akawalisha, akasali pamoja nao.

Mama huyu alikuwa na kaka yake aliyekuwa afisa wa jeshi, mwenye cheo cha kanali. Kaka huyo alijua yanayotendeka, na alijua kwamba zamu ya kituo cha Saint Pierre inakaribia. Akampelekea dada yake ujumbe wa kumwonya kwamba aondoke upesi, aiokoe nafsi yake.

Tuuangalie ujumbe ule kwa haki. Haukuwa ujumbe wa adui wala wa mtu mwovu anayemshawishi mwenzake atende uovu. Ulikuwa ujumbe wa damu kwa damu, wa kaka ampendaye dada yake. Hakuambiwa aue. Hakuambiwa aikane dini yake. Aliambiwa jambo dogo kabisa, jambo ambalo watu wema wengi wangelifanya bila kulala macho: ondoka, uwaache hao.

Félicité alijibu kwa barua fupi. Alimshukuru kaka yake kwa kumfikiria. Akamweleza kwamba chini ya ulinzi wake walikuwamo watu 43, na kwamba kuliko kuyaokoa maisha yake kwa kuwaacha, yeye amechagua kufa pamoja nao. Akaomba waombewe, akamwachia salamu za kuaga kwa mama yao mzee, akaahidi kumwombea kaka yake atakapofika mbele ya Mungu. Mwishoni, kama mtu anayeandika barua ya siku yoyote, akasema kwamba Mungu akiwaokoa wataonana kesho.

Hawakuonana. Tarehe 21 Aprili, 1994, wanamgambo walifika kituoni, wakawachukua wote kwenye gari, wakawapeleka mahali palipoitwa Commune Rouge, penye makaburi ya mji, ambako mashimo yalikuwa yamekwisha chimbwa. Husimuliwa kwamba hata hapo wauaji walisita, kwa kumwogopa yule kaka kanali, wakataka kumtenga pembeni. Alikataa kutengwa. Akauawa pamoja na wale aliokuwa amewafungulia mlango.

Leo taifa la Rwanda limemweka katika daraja la mashujaa liitwalo Imena, na kila tarehe 1 Februari, Siku ya Mashujaa, jina lake hutajwa pamoja na la mfalme Mutara wa Tatu Rudahigwa na la Waziri Mkuu Agathe Uwilingiyimana. Wafalme na mawaziri wakuu walikuwa na walinzi. Félicité alikuwa na ufunguo wa mlango.

Imani Si Hirizi

Wako watakaouliza: je, sala zake zilimfaa nini, ikiwa risasi haikugeuka?

Swali hili ni la askari, na lijibiwe kiaskari. Katika historia ya Afrika Mashariki wako wapiganaji waliofundishwa kwamba imani ni ngao ya kuzuia risasi. Mababu zetu wa kusini mwa Tanganyika, katika vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907, walitumaini kwamba maji yaliyobarikiwa yatazigeuza risasi za Wajerumani. Miaka themanini baadaye, kaskazini mwa Uganda, Alice Lakwena aliwapaka wafuasi wake mafuta na kuwaahidi kinga ya namna hiyo hiyo. Wakasonga mbele hadi karibu na Jinja, na huko wakavunjwa na jeshi la serikali mwaka 1987. Ushujaa wa watu wale hatuubezi. Lakini maji hayakuizuia risasi, na mafuta hayakuizuia.

Anayeishika dini kama hirizi huiacha siku hirizi inaposhindwa. Akimwona mwenzake mcha Mungu ameanguka, husema: basi, hakuna kitu. Imani ya Félicité haikuwa ya namna hiyo. Haikukusudiwa kuizuia risasi isimfikie. Ilikusudiwa kumzuia yeye mwenyewe asikimbie pale ambapo wajibu ulimtaka abaki. Katika kazi hiyo haikushindwa hata dakika moja.

Wala dini haimtaki askari awe mzembe kwa kisingizio cha kumtegemea Mungu. Waislamu wanayo ile iitwayo Sala ya Hofu, iliyowekwa mahsusi kwa ajili ya jeshi lililo mbele ya adui. Kundi moja huswali nyuma ya imamu, silaha zao wakiwa nazo, na kundi la pili husimama likilinda. Kisha hupokezana: waliokuwa wakilinda huswali, na waliokuwa wakiswali hulinda. Tazama hekima iliyomo. Ibada haikufutwa kwa sababu ya hatari, na lindo halikuachwa kwa sababu ya ibada. Wala hakuna hata mmoja aliyeambiwa kwamba akiswali adui hatamwona.

Kilima Kimoja, Mashahidi Wawili

Haitoshi, hata hivyo, mtu kuwa na cheo cha dini. Upande wa kusini wa Gisenyi, katika wilaya ambayo sasa inaitwa Ngororero, kuna mahali paitwapo Nyange. Mwezi Aprili, 1994, Watutsi wapatao 1,500 walikimbilia kanisani hapo. Paroko wao, padre Athanase Seromba, hakuwalinda. Kanisa liliangushwa kwa tingatinga, watu wakiwa ndani. Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda, iliyokuwa ikikaa Arusha, ilimtia hatiani, na mwaka 2008 mahakama ya rufani ikamhukumu kifungo cha maisha. Tarehe 20 Machi, 2017, Papa Fransisko alimwomba Mungu msamaha kwa ajili ya dhambi na mapungufu ya Kanisa na watu wake katika mauaji yale.

Sasa pale pale Nyange, usiku wa tarehe 18 Machi, 1997, watu wenye silaha waliingia katika shule ya sekondari, wakawakuta wanafunzi wa madarasa ya juu wakijisomea. Wakawaamuru wajitenge: Wahutu huku, Watutsi kule. Watoto wale walijibu kwamba wao wote ni Wanyarwanda, wakakataa kutengana. Walipigwa risasi na mabomu. Wengine walikufa, wengine wakabaki na majeraha ya maisha. Nao wamo katika daraja la Imena.

Kilima ni kile kile. Paroko aliyesomea Neno la Mungu kwa miaka mingi alianguka, na wanafunzi ambao hawakuwa na joho wala cheo walisimama. Wahenga hawakukosea waliposema kwamba kilemba hakimfanyi mtu kuwa shehe. Siku ya hatari haikuulizi umesoma nini. Hukuuliza utatenda nini.

Kapteni Asiye na Bunduki

Asije mtu akadhani kwamba mfano huu ni wa akina mama na wanafunzi tu, na kwamba mwanajeshi, kwa kuwa hufuata amri, amewekwa kando. Mjini Kigali, miezi ile ile, alikuwapo Kapteni Mbaye Diagne wa jeshi la Senegal, Mwislamu, mwangalizi wa kijeshi katika kikosi cha Umoja wa Mataifa. Waangalizi hawakuchukua silaha. Maagizo ya kikosi hayakuwapa kazi ya kuwaokoa raia.

Tarehe 7 Aprili, Waziri Mkuu Agathe Uwilingiyimana alipouawa, kapteni huyo aliwaokoa watoto wake waliokuwa wamefichwa. Tangu siku hiyo hakuacha. Aliwachukua watu watatu, wanne, watano kwa safari moja katika gari lake, akawapitisha kwenye vizuizi vingi vya wauaji. Silaha yake ilikuwa mzaha, tabasamu, na sigara za kugawa. Waliookolewa naye huhesabiwa kwa mamia. Tarehe 31 Mei, 1994, akiwa amesimama kwenye kizuizi kimoja, bomu lilianguka karibu na gari lake likamwua. Miaka ishirini baadaye, tarehe 8 Mei, 2014, Baraza la Usalama lilianzisha nishani ya ushujaa yenye jina lake.

Kapteni Diagne alikuwa mwanajeshi wa nidhamu. Lakini alijua kwamba nidhamu haikuumbwa ili imfanye mtu mzima awe kipofu.

Amri Iliyo Juu ya Amri

Hapa tunafika penye mwiba. Askari hufundishwa tangu siku ya kwanza ya kuingia jeshini kwamba amri hutekelezwa kwanza. Bila hivyo hakuna jeshi, pana kundi la watu wenye bunduki. Sisi tunaoandika haya tulifundishwa hivyo katika shule ya makadeti, na hatuna nia ya kumfundisha mtu mwingine kinyume chake.

Lakini tulifundishwa pia kwamba amri ni halali pale inapokuwa ndani ya sheria. Sheria iliyoiunda ile mahakama ya Arusha ilisema wazi kwamba kuamriwa na mkubwa hakumwondolei mtu hatia, ingawa huweza kupunguza adhabu. Na mkubwa naye hajifichi nyuma ya kusema kwamba mkono wake haukugusa mtu. Luteni Kanali Anatole Nsengiyumva alikuwa kamanda wa eneo hili la Gisenyi mwaka 1994. Mwaka 2008 alihukumiwa kifungo cha maisha. Rufani ya mwaka 2011 iliyaondoa mengi katika mashtaka yake na kumpunguzia kifungo kikawa miaka 15, lakini hatia ya kutozuia mauaji yaliyofanywa na watu walio chini yake hapa mjini tarehe 7 Aprili ilibaki. Kutozuia tu, unapokuwa na uwezo wa kuzuia, ni kosa.

Kwa hiyo, katika jambo hili sheria ya vita na sheria ya dini hazigombani. Torati, Injili na Korani zote zinakataza kumwua asiye na hatia. Mikataba ya Geneva ya mwaka 1949 inakataza kumwua raia na mateka. Askari aliyeambiwa ampige risasi mtoto au mama aliyenyosha mikono amekwisha kujibiwa na dini yake na kwa sheria ya jeshi lake, kwa neno moja: hapana.

Mazoezi ya Siku za Amani

Jambo limebaki moja, nalo ndilo kubwa. Je, neno hilo la hapana hutoka wapi siku ya hatari? Mkufunzi yeyote wa jeshi atakuambia kwamba mtu hajifunzi kulenga shabaha siku ya vita. Alichokizoea mkono uwanjani ndicho utakachokifanya usiku wa mapambano. Imani nayo ina uwanja wake wa mazoezi.

Katika Injili husimuliwa kwamba askari walimwendea Yohana Mbatizaji wakamwuliza wao watende nini. Hakuwaambia waache jeshi. Aliwaambia wasimnyang'anye mtu mali kwa nguvu, wasimsingizie mtu, tena watosheke na mishahara yao. Mambo matatu, na yote matatu ni ya kizuizini! Miaka elfu mbili iliyopita nabii yule aliona kwamba hatari ya kwanza ya mwenye silaha si adui aliye mbele yake, bali mama aliye mbele yake mwenye beseni la nyanya.

Maana askari azoeaye kuchukua nyanya mbili za bure leo, na sarafu kesho, amejizoeza jambo moja kubwa: kuwaona watu kuwa ni vitu. Amejifunza kutotazama macho. Mlolongo huo ukifika siku ya msiba, akaambiwa na mkubwa mwovu amsimamishe yule yule mama kwa sababu ya kabila lake au kwa sababu ya dini yake, atapata wapi nguvu za kukataa? Samaki mkunje angali mbichi. Aliyeshindwa na sarafu hawezi kuushinda mtutu wa bunduki.

Na kinyume chake ni kweli pia. Félicité hakuwa shujaa tarehe 21 Aprili peke yake. Kwa miaka mingi alikuwa amewafungulia watu mlango, wageni na maskini, siku ambazo kufungua mlango hakukuwa na hatari wala sifa. Ile barua kwa kaka yake ilikuwa fupi kwa sababu jibu lake lilikuwa tayari.

Tumerudi Mpakani

Mpaka huu umeona mengi tangu hapo. Mwezi Julai, 1994, kadiri ya watu milioni moja walimiminika kupita Gisenyi kuelekea Goma, raia wasio na kosa wakichanganyika na wale wale waliosimamia vizuizi, na katika muda mfupi kipindupindu kikawaua makumi ya maelfu. Tarehe 17 Januari, 2002, Nyiragongo ulipotapika moto ukaukata mji wa Goma katikati, mamia ya maelfu walikimbia kwa njia ile ile, ila safari hii kuja Gisenyi. Mwezi Mei, 2021, mlima ulilipuka tena, na wakaja tena. Anayefunguliwa leo ndiye atakayefungua kesho. Mpaka hauna mwenyeji wa kudumu wala mkimbizi wa kudumu.

Tulipokuwa tukiondoka jua lilikuwa limekwisha panda. Tulimwona kijana mmoja mwenye sare akimsaidia mlemavu kuisukuma baiskeli yake iliyokwama kwenye jiwe. Hakuombwa, wala hakupokea kitu. Alisukuma, akapangusa mikono, akarudi kwenye lindo lake. Hatukumwuliza dini yake. Tulisema tu mioyoni mwetu kwamba kama siku mbaya ikija, Mungu apishe mbali, basi na imkute huyu yuko zamu.